Tulivyokwenda Kisumu Kuchagua Matairi

Wenzangu wa ofisini mmeniuliza mara nyingi kuhusu ile Jumatatu niliyoingia kazini jua likiwa utosini, gauni limekauka matope mpaka kiunoni, nikaketi na kuanza kupiga taipu kama mtu ambaye hakuna kilichompata. Niliwajibu "barabara" na mkacheka. Halikuwa jibu la uongo, ila halikutosha. Sasa nimepata jioni mbili tulivu na nimeamua kuyaandika yote. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kati yenu kuna wa Machakos na wa Taita, ingawa karibu kila neno lililosemwa ndani ya gari lilikuwa la Kigusii.

Sironga hadi Kisii

Gari lenyewe mnalijua. Ni Landrova fupi yenye turubai nyuma, ambayo mume wangu Makori aliinunua kwa mkulima mmoja Mzungu wa Sotik aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Makori alipoondoka kwenda ng'ambo kusomea mambo ya maji, aliniachia funguo. Basi gari lililoundwa kwa ajili ya mashamba na mito likawa gari la kunileta mimi ofisini Kisii kutoka kwetu Sironga kila asubuhi na kunirudisha jioni, nikiwa na kikapu cha mboga na mwanangu Moraa.

Matairi yalikuwa yamekwisha. Ukipitisha kiganja juu yake ulihisi kama unapapasa kichwa cha mzee mwenye kipara. Kubadilisha ilikuwa lazima, lakini kuchagua ndiyo ilikuwa kazi. Kuna matairi ya meno makubwa, yanayong'ang'ania udongo na kupanda kilima hata mvua ikinyesha. Hayo ukiyapeleka kwenye lami yanalia kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, yanalika haraka, na lami ikilowa yanateleza vibaya. Kuna na matairi ya lami, ya mistari midogo, matulivu, yanayokufikisha mjini bila kichwa kukuuma. Lakini ukiyapeleka kwenye udongo wetu mwekundu siku ya mvua, ni sawa na kupanda mlima juu ya maganda ya ndizi. Gari langu lilikuwa na maisha yote mawili kila siku ya Mungu, na mimi nilitakiwa niyavalishe viatu vya aina moja.

Maduka ya Kisii yalikuwa na matairi ya malori na ya magari madogo tu. Ikabidi Kisumu.

Baba mkwe wangu, Mzee Ogeto, ambaye nyumbani kila mtu humwita Tata, alisema atakuja. Ni mjane, mkulima wa chai na pareto, na ni mzee wa kanisa letu la Sabato. Alitaka meno. Alilisema hilo kwa majirani, kwa dada yake, hata kwa ng'ombe wake wakati wa kukama, nami nikiwa nasikia. Mimi nilitaka ya lami. Tena nilikuwa na sababu ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale nyumbani: nilikuwa nimeona nyumba ya vyumba viwili ya kupanga Kisii, na niliazimia kuhamia huko na Moraa kabla ya mvua za masika. Makori alijua na alikubali. Baba yake hakujua.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu, mke na baba mkwe wake wamewekewa haya tunayoiita chinsoni. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, hawakai bega kwa bega. Na mbele ya Landrova mnavyojua, viti vitatu vimebanana kama mbegu za njugu. Kumweka Tata nyuma na turubai, kama mbuzi anayepelekwa mnadani, lilikuwa jambo lisilowezekana. Suluhisho likawa dada yake, Shangazi Bosibori, mama mnene mwenye sauti, aliyetaka kwenda kumwona binti yake Kisumu. Yeye aliketi katikati, akawa ukuta, na zaidi ya ukuta akawa mjumbe.

"Bosibori," Tata alisema hata hatujapita Nyamira, "mwambie ng'ina Moraa apunguze mwendo."

Ng'ina Moraa ni mama Moraa, yaani mimi, niliyekuwa mbali naye kiasi cha mkono mmoja.

"Ng'ina Moraa, punguza mwendo," Shangazi akasema.

"Shangazi, mwambie Tata niko gia ya pili."

"Yuko ya pili."

"Nimesikia," Tata akajibu, akitazama dirishani.

Ndivyo tulivyokwenda mpaka Kisii ile asubuhi ya Ijumaa, niliyokuwa nimeomba ruhusa kazini. Moraa na ng'ombe tuliwaachia jirani, kwa kuwa mpango ulikuwa tununue, tufungiwe, turudi nyumbani kabla jua halijatua na Sabato kuingia.

Nyakoe

Tulipofika Nyakoe tairi la nyuma lilipasuka kwa kishindo hata wauza ndizi wa sokoni wakalala chini. Nilishuka, nikatoa jeki, nikapiga magoti. Tata alishika spana akawa ananyoosha mkono kunipa, lakini kwa kuwa hatupeani kitu mkono kwa mkono, alikuwa akiiweka juu ya nyasi, mimi naiokota, nikimaliza nairudisha nyasini, naye anaiokota.

Watu wa soko walitukusanyikia, na kila mmoja alikuwa na rai yake juu ya matairi. Muuza ndizi alisema meno. Mwalimu mmoja alisema ya lami, kwa kuwa nchi inaendelea na lami itafika kila mahali. Dereva wa lori la viazi aliyekuwa akinywa uji kando aliwasikiliza wote, halafu akasema, "Udongo wetu huu ni wa kufinyangia vyungu. Meno yakishajaa, tairi la meno nalo ni kipara. Nimeteleza na yote." Hakuna aliyependa jibu lake, kwa kuwa halikuwa na upande.

Balaa lililetwa na mtu mwingine. Mfanyabiashara mmoja mgeni, aliyekuwa akiuza vyungu kutoka upande wa ziwani, alinitazama nikikaza nati ya mwisho akapiga makofi. Akamgeukia Tata na kumwambia kwa Kiswahili, kwa moyo mweupe kabisa, "Mzee, wewe umebarikiwa. Huyu bibi yako mdogo anajua kazi!"

Tata aliiweka chini spana aliyokuwa nayo, akavuka barabara, akasimama upande wa pili akiwa ametupa mgongo. Mimi niliingiza kichwa chini ya gari, ambako hakukuwa na kazi yoyote.

"Ni mke wa mwanawe!" Shangazi alinguruma.

Yule mtu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Akakimbilia kule ng'ambo ya barabara kuomba radhi, lakini Tata akasogea mbele zaidi, naye akamfuata, na kwa muda tuliwatazama wakiondoka hivyo kuelekea Oyugis. Tuliwakuta mbele, tukasimamisha gari. Tata aliingia, akafunga mlango. Mpaka tunapita vilima vya mwisho vya Kisii hakumtuma Shangazi neno.

Oyugis

Shangazi ndiye aliyesema njaa haina haya. Tulisimama kwenye mkahawa wenye meza tatu. Tata alikaa ya mlangoni akitazama nje, sisi wawili tukakaa ya ndani, tukimpa mgongo. Palikuwa na ugali na samaki tu.

Mnajua sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba, kwa kuwa Maandiko yamemkataza. Kwa hiyo sahani ilipoletwa, samaki amekaangwa na kumwagiwa mchuzi, Shangazi alimwuliza mhudumu, "Kijana yangu, hii samaki iko na magamba?"

Mhudumu alikasirika kidogo. "Mama, hakuna! Nimetoa yote mimi mwenyewe."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja! Tafuta. Ukipata, usilipe."

Shangazi aliisukuma sahani. Mhudumu akaiangalia, akamwangalia Shangazi, akaenda jikoni na kurudi na mpishi. Mpishi naye akaapa kwa jina la mama yake kwamba samaki wa mkahawa ule ndiye aliyeparuliwa vizuri kuliko wote mpaka Kendu. Kila walivyozidi kuapa, Shangazi alizidi kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimejua kosa liko wapi, lakini kicheko kilikuwa kimenibana na ilikuwa aibu kucheka mbele ya Tata.

Kumbe mabega ya Tata kule mlangoni yalikuwa yanatikisika. Ndipo akasema bila kugeuka, "Bosibori, mwulize kama alikuwa nayo alipokuwa hai."

Alikuwa nayo. Alikuwa ngege, yule samaki wa ziwani mwenye magamba tele, tena mnene. Tulikula wote tukashiba, na tulipotoka mpishi alitusindikiza mpaka garini, akiwa bado haelewi alikuwa ameshtakiwa kwa nini.

Kisumu

Kati ya pancha, vyungu na magamba, tuliingia Kisumu jua limekwisha kuegemea ziwani. Duka la matairi lilikuwa la Mhindi mmoja wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aina zote mbili alikuwa nazo, za saizi yetu. Aliyabandua karatasi yaliyofungiwa, akaliweka la meno kulia na la lami kushoto, nasi tukasimama mbele yake kama watu waliokuja kutambua mali iliyopotea.

Tata aliingiza kidole kati ya meno ya lile la kulia. Kiliingia mpaka kwenye kifundo cha kwanza. Alikiacha humo muda mrefu.

"Bosibori, mwambie hili ndilo."

"Shangazi, mwambie Tata hilo litaniua masikio kwenye lami."

Mwenye duka alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alidhani Shangazi ni mkalimani, kwa hiyo naye alimwelekea yeye. "Mama, mimi nauliza kitu moja tu. Gari inashinda mjini, hiyo nimesikia. Lakini inalala wapi? Asubuhi ya mvua, inaamka wapi?"

"Sironga," Tata alisema.

"Kisii," nilisema mimi.

Tulisema kwa pamoja. Sikulipanga neno lile. Lilitoka tu, kwa kuwa mawazoni mwangu gari lilikuwa limekwisha kuhama, na mimi na Moraa tulikuwa tumekwisha kuweka pazia kwenye dirisha la ile nyumba.

Tata alikitoa kidole chake kwenye tairi. Hakuniuliza mimi, wala hakumtuma Shangazi aniulize. Alitoka mpaka barazani, akatazama jua.

"Sabato inaingia," alisema. "Hatununui kitu leo."

Siku ya kupumzika

Mimi na Shangazi tulilala kwa binti yake, na Tata, ambaye hawezi kulala chini ya paa moja nami, alipokelewa na mzee mwenzake wa kanisa mtaa wa pili. Sabato tulikaa kanisani, wanaume upande wao, sisi upande wetu. Niliimba nikiona kisogo chake mbele. Hakuwa anaimba, naye ndiye anayeongoza nyimbo kwetu.

Mchana, tukiwa tumekaa kivulini nyuma ya nyumba, Shangazi, ambaye neno langu moja la dukani lilikuwa limemtosha, aliniuliza, "Hiyo nyumba ya Kisii ina vyumba vingapi?"

"Viwili."

"Na choo?"

"Cha pamoja."

Akasokota ncha ya leso. "Kaka yangu hajala tangu jana. Wenyeji wake wanadhani amefunga kwa maombi."

Nilimwomba amweleze. Nilianza kumpangia maneno: kwamba nimechoka kuchelewa kazini, kwamba mkubwa wangu amenionya, kwamba Moraa atasoma mjini. Alinikata.

"Mimi nimebeba 'punguza mwendo' na 'mwambie niko ya pili'. Hayo ni mepesi. Haya siyabebi, mwanangu. Yabebeni wenyewe." Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ameamua kubaki Kisumu kidogo kumsaidia binti yake na watoto.

Nilishtuka. "Shangazi, nani atakaa katikati?"

"Mtajua huko mbele," alisema.

Kisumu tena, kisha Chabera

Jumapili asubuhi mwenye duka alitufungulia mlango wa nyuma, kwa kuwa alikuwa ametuonea huruma. Nilikuwa nimejiandaa kushindana. Tata alipita mbele yangu, akamwambia yule mtu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Toa ya lami. Zote nne."

Mnajua mtu anavyosukuma mlango kwa bega, na mwenzake wa ndani akaufungua ghafla? Nilianguka ndani namna hiyo. Nilikuwa nimepata nilichotaka, nami nilisimama pale nikitamani abishe.

Vijana wa duka walifunga matairi mapya. Yale ya zamani Tata aliyachukua. Fundi wa sokoni kwetu anayetengeneza akala, vile viatu vya mpira wa tairi, huyanunua. Matatu aliyatupa nyuma. La nne alilibeba mwenyewe mpaka mbele, akalisimamisha juu ya kiti cha katikati, pale alipokuwa akikaa Shangazi, akalifunga kwa kamba ili lisianguke. Nyuma palikuwa na nafasi tele. Wala hakueleza, nami sikuuliza. Aliingia upande wake, mimi wangu, tukaondoka na tairi kipara limeketi katikati yetu kama mkwe mkubwa.

Hatukuzungumza Ahero. Hatukuzungumza Sondu. Kwenye lami matairi yangu mapya yalikwenda kimya kabisa, na kimya kile kilinitesa kuliko kelele yoyote, maana ndani ya gari kulisikika hata Tata akimeza mate.

Chabera pana njia panda. Ukienda moja kwa moja unapita Oyugis na Kisii, kwenye barabara nzuri. Ukikata kushoto unapanda kwa udongo kupitia Miruka mpaka Sironga. Wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima vya kwetu, jeusi kama sufuria. Mwenye akili angekwenda Oyugis. Mimi nilikata kushoto. Nadhani nilitaka aone kwamba sikimbii njia ya nyumbani, nikasahau kwamba matairi hayajui mtu anataka kuonyesha nini.

Miruka

Mvua ilitukuta baada ya Miruka, kwenye mlima wenye kona. Nilivuta gia nzito, nikabonyeza kirungu cha njano ili magurudumu yote manne yashike. Kwa muda yalishika. Kisha nilihisi usukani umekuwa mwepesi mkononi, wepesi wa kitu ambacho hakijashikamana na chochote, na gari likaenda kiubavu, polepole, kwa adabu, mpaka likaegemea mtaroni.

Tata alishuka. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa na haraka. Alivua koti, akaliweka juu ya lile tairi la kiti cha katikati, akaenda nyuma. Kupitia kioo nilimwona ameweka mabega kwenye bodi ya gari, mzee mzima, mvua inamtiririka kichwani. Nikajua nikikanyaga mafuta, matope yote yatamrukia yeye. Mke wa mwana kumpaka baba mkwe wake matope! Mguu wangu ulikataa.

"Kanyaga!" alipaza sauti.

Niligeuka kumtafuta Shangazi. Kwa kweli niligeuka.

"Wewe! Kanyaga!"

Ni mimi aliyekuwa ananiambia. Nikakanyaga. Magurudumu yakazunguka, gari halikusogea hata kidogo, na nyuma nikasikia sauti kama ndoo ya uji imemwagwa.

"Acha! Acha!"

Nilishuka mbio. Alikuwa amesimama wima, mweusi-mwekundu kuanzia nywele hadi viatu, macho mawili meupe yananitazama. Nilifunika uso kwa mikono nikaanza kulia, aibu na woga na uchovu wa siku tatu vikiwa vimechanganyika. Alingoja. Mvua ilikuwa inamwosha kidogo kidogo.

"Unalia nini? Ni udongo tu."

"Tata, mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Tumekwisha kuanguka. Hakuna pa kuanguka tena."

"Si hapa. Naogopa kule kwetu, darajani."

Nikamweleza, nikiongea na matope yaliyokuwa miguuni pangu, kwa kuwa sikuweza kumtazama. Kati ya barabara kuu na boma letu kuna kijito chenye daraja la magogo, na njia inaliteremkia ghafla kutoka pande zote mbili. Mvua zilizopita niliteleza pale na Moraa akiwa pembeni yangu, gurudumu moja likaning'inia nje ya daraja. Nilirudi nyuma, nikatoka, nikafika nyumbani, nikapika. Sikumwambia mtu. Mwanamke anayeendesha gari watu wanamngojea aseme tu kwamba anaogopa, wapate kumwambia ashuke. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya mvua naliteremkia lile daraja nikiwa nimefumba jicho moja. Ndiyo maana ya Kisii. Ndiyo maana ya matairi ya lami. Nilitaka gari lilale mahali ambapo asubuhi hakuna daraja.

Nilidhani nimevuka mpaka.

"Mimi nilidhani ni sisi unaotukimbia," alisema. "Nyumba isiyo na mama mkwe. Mzee na ng'ombe wake."

"Hapana, Tata."

"Niliona alama za gurudumu pale ukingoni mwa daraja. Asubuhi yake." Akapangusa uso kwa kiganja, akazidisha matope. "Tangu hapo, jioni nikisikia gari limefika kijitoni, naacha ninachofanya. Kama ni kukama, naacha. Nasimama mpaka nisikie limepanda. Nikasema nitamnunulia meno. Meno yatamshika."

Basi tulikuwa tumesimama mvuani, watu wawili ambao kwa mwaka mzima tumekuwa tukiliogopa daraja moja, yeye juu ya kilima na mimi chini yake, na kila mmoja akaenda dukani kuchagua tairi lake.

"Kwa nini hukusema?" aliniuliza.

"Ningesema kupitia kwa nani?"

Aliinama akaanza kung'oa mawe kwenye ukingo wa shamba ulioporomokea mtaroni, akayashindilia chini ya gurudumu la nyuma kwa kisigino. Nikaenda upande mwingine, nikafanya vivyo hivyo. Mvua ilipopungua walitukuta akina mama Wakatoliki waliokuwa wakitoka kwenye mkutano wao wa kanisa, wakavua viatu vyao vizuri, wakavipanga juu ya boneti, wakaja kusukuma huku wakiimba. Safari hii magurudumu yalipata jiwe. Gari lilipanda, nao wakaanguka wote kifudifudi, wakacheka mpaka wakakaa chini. Walidai tuwape tairi moja kuukuu kama malipo, la kutengenezea akala za waume zao. Tata aliwapa lile lililokuwa kwenye kiti cha katikati, maana ndilo lililokuwa karibu.

Tulifika kwa jamaa yake upande ule wa Miruka, tukaacha gari pale kwa ajili ya lile daraja, tukamalizia kwa miguu kabla giza halijaingia, yeye mbele, mimi nyuma. Asubuhi nililirudia gari, udongo ukiwa haujakauka, nikahangaika njia nzima mpaka Kisii. Ndiyo Jumatatu mliyoiona.

Nyumbani

Mnauliza ni matairi gani yaliyoshinda. Ni haya haya ya lami, mnayaona kila siku pale nje. Na mnajua kwamba sasa nakaa Kisii na Moraa, kwenye vyumba viwili na choo cha pamoja. Tata mwenyewe ndiye aliyesema nikachukue ile nyumba. Alinijia uani na kuniambia hivyo, akiwa amesimama mbali kidogo kama heshima inavyotaka, lakini aliniambia mimi.

Jambo ambalo hamjui ni kwamba wiki ile ile aliteremka kijitoni na jembe peke yake, akaanza kupunguza ule mteremko. Siku ya pili majirani wawili walimwona wakashuka. Baadaye kanisa zima lilishuka. Walikata mitaro ya maji pande zote, wakapanga mawe kutoka juu hadi darajani na kutoka darajani hadi bomani, wakapigilia magogo mapya. Mimi niliyasikia hayo kwa watu tu, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na sikuwa nimekwenda.

Ijumaa iliyopita nilikwenda. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Nilifika juu ya mteremko upande wa barabara, nikasimamisha gari, nikazima. Moraa alikuwa katikati. Njia sikuitambua, mawe yalikuwa yameng'aa kwa maji mpaka chini. Hata hivyo sikuugusa ufunguo tena.

Ng'ambo ya kijito Tata alikuwa amesimama. Aliona nimesimama. Aliteremka kwa miguu, akavuka daraja, akapanda mpaka tulipo, akifuata mstari ule ule wa gurudumu. Akafungua mlango, akampakata Moraa kidogo, akamrudisha katikati, akakaa.

"Twende," aliniambia.

Tukateremka. Sikufumba jicho. Mawe yaligonga chini yetu moja moja, magogo yakanguruma, halafu pua ya gari ikainuka na tukapanda. Alikaa nami garini mpaka uani. Hapo alishuka, akalizunguka gari, akainama kwenye gurudumu la mbele.

"Yamejaa udongo," alisema. "Yaoshwe kabla jua halijatua."

Nilianza kutafuta ndoo. Alikuwa amekwisha kuichukua, anashuka nayo kisimani kunitekea maji.